Fenesi la Siku ya Mia

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alikuwa ameshameza kipande cha pili cha fenesi, anajifuta utomvu vidoleni kwa upindo wa sare, ndipo binti wa marehemu akageuka akaona. Sahani ilikuwa mbele ya picha ya mama yake. Udi ulikuwa bado unawaka, haujafika hata nusu. Binti hakupiga kelele. Alinitazama mimi, si mwenyekiti, mimi, akasema kwa Kiingereza cha polepole kama anayemsemesha mtoto:

"Mama yangu hajala bado."

Halafu akaniomba niwatoe watu wangu kisiwani.

Watu wangu. Hilo neno limenikaa kooni mpaka leo. Acha nieleze nani ni watu wangu na nani si watu wangu, maana kanisani hadithi imeshageuzwa, naambiwa mimi ndiye niliyewaaibisha.

Marehemu alikuwa Mvietnamu. Tulifua mashuka pamoja miaka tisa katika hoteli moja hapa Alexandria, Marekani, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, mimi niliishia darasa la saba, lakini tulielewana kuliko ninavyoelewana na wengi wanaojua kunisalimia vizuri. Nilipopata saratani ya titi, kanisa lilitengeneza orodha ya zamu: nani ataleta chakula, nani atanipeleka hospitali. Orodha nzuri, imepigwa chapa, mwenyekiti yuko juu kabisa. Alikuja mara moja. Alikaa na koti mwilini, akaomba, akaangalia simu, akaondoka. Aliyenipeleka kwenye dawa kila Jumatano ni yule Mvietnamu, aliyebadilisha shifti yake bila kuniambia. Nilitapika ndani ya gari lake. Jumatano iliyofuata nikakuta ameweka ndoo ya hotelini miguuni pangu, na juu yake taulo limekunjwa kwa mikunjo ile ile ya kazini.

Mimi nikapona. Yeye akaugua ini, na hakuchukua muda.

Hapa Marekani alikuwa na binti mmoja tu, ndugu wote wamebaki kwao. Akiwa kitandani aliniambia kwamba siku ya mia tangu afe, kwa desturi yao, jamaa wanaandaa chakula mbele ya picha, wanawasha udi, wanamwita marehemu aje ale. Alitaka mimi nimmiminie chai. "Wewe dada mkubwa," alisema. Nimemzidi miaka miwili. Sijawahi kupewa cheo kingine katika nchi hii.

Binti alikubali. Alinipigia simu mwenyewe akanieleza yote: nije na nguo ya rangi iliyotulia, nisilete nyama, nivue viatu kabla ya daraja. Chakula kinakaa mpaka udi uishe wote, maana ndio muda wa marehemu kula. Ukiisha, wote waliopo wanakula kile kile, ndiyo baraka yenyewe. Udi mmoja tu. Si muda mrefu hata kidogo.

Hekalu lao la Kibudha, ambako shughuli ingefanyika, liko ukishapita Springfield, katikati ya nyumba za watu zenye nyasi zilizokatwa. Nyuma yake kuna bwawa, na katikati ya bwawa kisiwa kidogo, magari manne yakiegeshwa pale kimejaa. Juu yake kuna kibanda cha paa lililopinda pembe, na ndani yake majivu ya wafu wao yamepangwa kwenye rafu. Ndipo mahali pao patakatifu kuliko pote. Unavuka kwa daraja la mbao, unaongea kwa sauti ya chini au huongei.

Kosa langu ni kuomba ruhusa. Jumamosi hiyo tulikuwa na mkutano wa akina mama, nikasema sitakuja, nina msiba. Mwenyekiti akasimama palepale. Mwenzetu amefiwa, hatuwezi kumwacha aende peke yake, mkutano utahamia huko huko. Nikamfuata nje kwenye maegesho nikamwambia mahali ni padogo, wamealikwa watu wanane. Akanishika bega.

"Dadangu, ulipougua hatukukutupa. Na hii pia tutakuja."

Hapo ndipo nilipopaswa kumjibu. Nilinyamaza. Nalikubali hilo na naliandika, ili asiseme nimemwekea lawama zote. Mchungaji naye akatoa vani ya kanisa bila kuniuliza mimi niliyefiwa.

Njiani niliwapa masharti yote. Viatu, ukimya, nyama, udi. Nilisema mara mbili kwamba chakula hakiguswi mpaka udi uishe. Mwenyekiti alikuwa anachagua wimbo. Na kumbe nyuma ya kiti kulikuwa na sufuria la pilau ya ng'ombe. Mtawa wa kike, kichwa kimenyolewa, joho la kijivu, aliinama akawaambia kwa upole kwamba hilo libaki garini. Basi wakavuka daraja na njaa yao, wanawake kumi na mmoja wa kitenge cha zambarau, mbao zinalia, na binti amesimama ng'ambo anawahesabu kwa macho.

Hata hivyo aliwapokea. Mtawa akawaonyesha pa kusimama. Udi ukawashwa. Mimi nimeshika birika kwa mikono miwili, nangoja mtawa anipe ishara. Nyuma yangu nasikia mnong'ono wa mwenyekiti.

"Kwani wageni hawapewi sahani? Hawa watu wako na haya, wanangoja sisi tuanze. Chakula ya matanga ukikataa ni kama umewatusi."

Ni kweli, kwetu ni hivyo. Kwetu msibani ukiondoka hujala, unasemwa. Lakini nilishawaambia.

"Na hiyo ni fenesi, wallahi ni fenesi. Sijaionja tangu nitoke nyumbani."

Mkono ukapita pembeni ya bega langu. Wengine wawili wakafuata, maana kiongozi ameanza.

Niliwatoa. Nilitangulia darajani birika bado liko mikononi, la moto, na mtawa akaja nyuma yangu akalichukua taratibu, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kisu. Chai sikuimimina. Sijui aliimimina nani.

Ndani ya vani walifungua pilau. Nikamwambia mwenyekiti alichokifanya, neno kwa neno, udi, marehemu, kila kitu. Aliguna. Akasema watu gani hukasirikia tunda, na kwamba Mungu ameuona moyo wetu. Jioni kundi la simu lilijaa picha: sare, daraja, tabasamu, na maandishi kwamba akina mama wamemfariji mwenzao. Nilipokwenda kwa mchungaji aliniambia, "Mama, samehe, hakujua." Alijua. Aliambiwa mara mbili.

Sasa mwaka unakaribia kutimia, na mwaka ndio ukumbusho mkubwa. Nimempigia binti, hapokei. Nimeandika ujumbe, mjukuu wa jirani akanisahihishia Kiingereza. Jibu lilikuja fupi: safari hii watakuwa yeye na watawa tu. Kwa hiyo rafiki yangu ataitwa aje ale, na dada mkubwa aliyemchagua mwenyewe atakuwa nyumbani anatazama ukuta.

Nimeshaomba msamaha kwa kosa ambalo si langu mpaka nimechoka. Mimi sitaki tena maombi ya kuwekewa mikono, wala shada la kanisa, wala kuambiwa nisamehe. Mwenyekiti, mlango wa binti unaujua, nimekuandikia anwani kwenye karatasi nikakupa mkononi mbele ya mchungaji. Nenda peke yako, bila sare, bila wimbo. Mwambie ni wewe uliyekula kabla ya mama yake, na kwamba mimi nilikukataza. Na wewe mchungaji uliyetoa vani, mpeleke. Mnakwenda lini?