Jicho kwenye Mndimu wa Sitara

Mwinyimvua alikuwa fundi wa mabegi Kariakoo, mtu wa zipu na magurudumu, na haya zake zilijulikana. Mteja akimfokea, yeye huinamisha kichwa na kuendelea kushona.

Nyumbani kwao Mchafukoge, uani, kulikuwa na mndimu. Aliupanda mwaka alipomwoa Sitara, na kwa ndimu zake Sitara alitengeneza achari iliyosifika mtaa mzima.

Kisha chumba cha mbele kikapata mpangaji, Turki, muuza viungo aliyefiwa na mkewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani alisimama chini ya mti.

"Dada Sitara, ndimu gani hizi! Zimejaa kama mayai!"

"Utazimaliza kwa macho, kaka Turki," Sitara alijibu, akacheka.

Kicheko kile Mwinyimvua hakuwa amekisikia siku nyingi. Na mashallah je? Turki hakuisema hata siku moja. Mtu anayesifu mti wa wenzake kila kukicha bila kusema mashallah, huyo ana lake jambo.

Siku moja Mwinyimvua aliokota majani mawili ya njano. Yalikuwa yamezeeka tu, lakini moyo ukamwambia: jicho limeshapita hapa. Hakumwambia mtu. Alinunua chumvi ya mawe, ile ambayo wazee hufukia mlangoni kukinga husuda, akafukia konzi moja shinani. Kesho yake Turki akasifu tena, Sitara akacheka tena. Ikawa kila kicheko na konzi yake.

Wiki ya tatu ncha za majani ziliungua kama zilizopitishwa motoni. Wiki ya nne mndimu ukapukutika, ndimu changa zikadondoka pamoja na majani. Mwinyimvua alikaribia kufurahi, maana sasa alikuwa na hakika juu ya mbaya wake.

Jumapili Turki alichutama shinani, akachokoa udongo kwa kidole, akauonja. Akatema.

"Chumvi tupu! Dada Sitara, maji ya achari unamwaga wapi?"

Sitara aliduwaa. "Karoni. Lakini... labda nikisuuza madumu, yanachuruzika huku." Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akashika tama, akamgeukia mumewe. "Baba Nasreen, nimeuua mti wako. Miaka kumi na tisa, nimeuua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Usilie, dada," Turki alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Mwinyimvua kuliko sifa zote za asubuhi.

Angenyamaza, mkewe angebaki na lawama. Angesema, angeumbuka mbele ya mtu yule yule. Na kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilifukia chumvi. Ya kukinga husuda."

"Husuda ya nani?" Sitara aliuliza.

Mwinyimvua akatazama kandambili zake. Turki naye akatazama za kwake.

Sitara aliwaangalia kwa zamu, kisha akagonganisha viganja mara moja. "Ala! Mtu mzima, mvi kichwani, unaona wivu kwa ajili ya ndimu?"

"Si ndimu," alisema Mwinyimvua.

Sitara alivuta kanga yake, akajifuta machozi.

Turki alikohoa. "Kaka, shina bado bichi. Tuondoe udongo wa juu, tumwagie maji mengi, chumvi ishuke chini." Akanyanyua ndoo.

Mwinyimvua akaishika. "Acha. Nitachota mwenyewe."

Alichota mpaka kanzu ikamganda mgongoni, Sitara akipokea na kumwaga polepole. Turki aliketi kizingitini. Alipoinua uso kuutazama mti na kutaka kusema neno, Sitara alimwahi.

"Shemeji," alisema, jina ambalo hakuwahi kumwita, "anza na mashallah. Mwenye mti anasikia."