Dume la Bwana Penrose

Babu yangu Mphuthumi alikuwa na kinyongo, nami nimekirithi chote.

Pale Engcobo alijenga nyumba ya pembe nne, ya mabati, kwa sababu moja tu: msonge wa udongo haukumwingiza Mxhosa kwenye daftari la wapiga kura. Makoloni yalipoungana kuwa nchi moja, wakubwa walipatana kwamba sisi Waafrika wa koloni la Rasi tubaki na kura yetu, ndugu zetu wa kaskazini wakose kabisa. Babu aliwaonea huruma, lakini kura alipiga.

Kila uchaguzi wakili mmoja Mzungu, Penrose, alikuja kuiomba, akinywa maziwa mgando kwetu kama mtu wa ukoo. Mwaka 1936, bungeni, huyohuyo akaunga mkono tufutwe daftarini. Tukatengewa daftari letu na wabunge watatu, Wazungu watupu, wa kutusemea. Babu alilia. Kwetu asiye na neno barazani ni mvulana ambaye hajatahiriwa, naye alikuwa na miaka sitini.

Mwaka uliofuata Penrose akarudi, macho makavu, akitaka kimoja cha viti vile vitatu.

"Nusu shari, Mpinga, kuliko shari kamili," alimwambia babu, akimwita kwa jina la ukoo.

Babu akamkaribisha kwa upole Jumamosi, amchinjie dume. Bibi akajua mzee kapata wazimu, maana dume lenyewe lilikuwa la kuvuta jembe.

Jumamosi zizi lilijaa wanaume. Nyama ikagawanywa kwa desturi, kila rika na fungu lake. Penrose alikaa na kisu chake, anangoja. Babu akawaketisha wazee watatu mbele ya Penrose, akawapa wao sahani ya mgeni, imejaa mbavu.

"Hawa watatu watakula kwa niaba yako, bwana. Ukisikia njaa, waambie wao."

Mzee Gcilitshana akatafuna taratibu, akalamba vidole, kisha akamgeukia mgeni.

"Umeshiba, mwanangu?"

Zizi zima likaangua kicheko. Penrose aliondoka na njaa yake, na kwenye kura akashika mkia.

Msimu wa kulima babu aliazima ng'ombe, na bibi hakuacha kumsimanga. Babu alikufa jina lake halijarudi kwenye daftari la wote. La Penrose nalo halikurudi bungeni, na hilo mpaka leo linanishibisha.