Ukurasa wa Malipo Uliomzika Mjomba Kioko

Nikisema nilimuua mjomba wangu kwa kompyuta, mbele ya wachongaji wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, wasionijua hudhani natia chumvi, lakini wanaonijua huanza kucheka kabla sijamaliza, na wengine hadi leo wakinikuta soko la Gikomba huniuliza, "Mwende, leo tunazika nani?" Nami huinama nikajifanya nachagua nyanya. Ni aibu iliyonikaa mwilini kama harufu ya vanishi, hata uoge vipi haitoki. Ila nimeshakuwa mtu mzima, na leo naisimulia kwa hiari yangu, kwa sababu kila nikiikumbuka naishia kushukuru.

Mjomba Kioko ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, Mjomba akaja kijijini akanichukua mimi na mfuko wangu wa nguo, akanileta kwenye chumba chake kimoja cha nyumba za kaunsili ya jiji (yeye akilala upande huu wa pazia, mimi upande ule), akanisomesha kwa twiga na vifaru vya kuchonga mpaka nikamaliza sekondari, kisha akanilipia kozi ya kompyuta mjini, ingawa yeye mwenyewe kompyuta aliiita televisheni yenye meno. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mimi, alikuwa na karakana ya kikundi cha wachongaji, ambacho yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake, na zamani alikuwa na Mzee Nzioka.

Hawa wawili walitoka kijiji kimoja, wakaingia Nairobi siku moja, wakajifunza kushika patasi kwa fundi mmoja. Ndovu wa Nzioka ungedhani anataka kukuomba maji ya kunywa. Kisha wakakosana kwa sababu ya dalali mmoja aliyetaka kununua kazi zote za kikundi kwa bei anayoitaka yeye. Nzioka akasema bora hicho kidogo kuliko njaa, Mjomba akasema bora njaa kuliko dharau, neno likazaa neno mbele ya watu, na Nzioka akafungasha vyombo vyake akahamia mtaa wa Huruma. Huruma si mbali, ukiwa na miguu unafika, lakini hao wazee walikaa zaidi ya miaka miwili bila hata salamu. Kigoda cha Nzioka kilibaki karakanani na Mjomba hakuruhusu mtu akikalie. Nikimwuliza kwa nini asimfuate wakaongea, alinijibu, "Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, basi arudi kwa miguu hiyo hiyo." Halafu anapiga tupa kwa nguvu kuliko kazi inavyotaka.

Basi bila Nzioka kazi ikalegea, wanachama wakaanza kunong'ona kwamba dalali aitwe. Ndipo mimi, na cheti changu kipya, nikasimama kwenye mkutano nikasema tufungue duka kwenye intaneti, mzungu akiwa kwao anaona ndovu, anabonyeza, anaagiza, dalali anabaki akikodoa macho. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, intaneti watu waliisikia tu, lakini Mjomba akasimama nyuma yangu. "Mpeni huyu mtoto nafasi," alisema. "Akishindwa, mimi nashuka kwenye kiti, na huyo dalali wenu mtamwita." Nilikosa usingizi kwa maneno hayo. Kiti chenyewe hakikuwa na maana kubwa, ila ile karakana ndiyo ilikuwa maisha yake.

Sasa, hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Chuoni tulikuwa na diski iliyokuja na gazeti la kompyuta kutoka ng'ambo, imejaa templeti, yaani kurasa za duka zilizotengenezwa tayari, wewe unabadilisha maneno na picha tu, na ukurasa wa kuagizia na kulipia upo humo humo. Nikasema kwa nini nijitese? Nikachagua moja nzuri mno, yenye maua meupe na ukingo mweusi, imetulia, ina heshima. Ilikuwa ya duka la maua. Juu yake iliandikwa maneno ya kizungu ya maana kwamba haya ni maua kwa yule usiyeweza kumsahau, nami nikadhani ni mambo ya mapenzi (nilikuwa na umri wa kudhani kila kitu ni mapenzi). Nikafuta maua nikaweka ndovu. Palikuwa na nafasi ya picha moja ya mtu, nikajua ni ya mwenye duka, nikaweka ya Mjomba, ile aliyopigwa studio akiwa na koti na tai ya kuazima, amekaza uso. Picha haikutokea ukurasa wa kwanza wala wa pili. Nikasema pengine inasubiri intaneti.

Na kile kitufe cha mwisho cha kukamilisha malipo sikukibonyeza hata mara moja. Niliogopa nisije nikaagiza kitu kweli huko Ulaya, nikashindwa kukilipia. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa ya mtu mwenye cheti.

Siku ya kuwaonyesha wanachama ikafika. Kompyuta niliiazima chuoni, ikaletwa ukumbi wa mtaa kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi, ikisukumwa na Kevo, kijana wa mtaa wetu ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mkokoteni wake. Wachongaji walikuja wote, na majirani pia, akiwemo Mama Zuhura, mwenye duka la mkabala na nyumba yetu, mama wa asili ya Lamu ambaye alisaidia kunilea kwa mahamri na makaripio. Aliyekosekana ni Mjomba. Alikuwa ameenda Ukambani kutafuta magogo, alisema atarudi asubuhi na lori, na sasa jua lilikuwa juu na hajaonekana. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Wanachama wakachoka kungoja, wakasema anza.

Nami nikaanza kwa majigambo. Nikawaambia mashine hii imeunganishwa na dunia nzima (siku ile haikuwa imeunganishwa na chochote ila soketi ya ukumbi), kwamba jambo likitokea popote, ajali, vita, hii inajua kabla ya gazeti. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha nikasema tujaribu kununua. Mama Zuhura awe mteja, amnunulie mtu zawadi ya ndovu. Kwenye nafasi ya anayenunua nikaandika jina lake, na kwenye ile ya anayenunuliwa zawadi, ili kuwafurahisha watu, nikaandika Kioko. Nikabonyeza kitufe cha mwisho.

Kioo kikawa cheusi. Pole pole ikatokea picha ya Mjomba, koti na tai, amekaza uso, na mshumaa ukiwaka pembeni, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa, na maneno yaliyosema kwamba amelala kwa amani na kwamba tunaungana na familia katika wakati huu mgumu. Ilifanana sawasawa na yale matangazo ya vifo ya gazetini ambayo kila mtu Nairobi huyasoma kabla ya habari.

Na sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo sehemu inayoniumiza: mimi mwenyewe, mtaalamu, niliyeiweka picha ile kwa mkono wangu, niliamini. Akilini nilimwona Mjomba barabarani chini ya lori na magogo. Nikapiga ukemi uliosikika hadi stendi, nikaanguka juu ya kibodi.

Mimi nikilia, nani angesubiri uthibitisho? Ukumbi mzima ukalipuka kwa kilio. "Inna lillahi," alisema Mama Zuhura, akavua mtandio wake akanifunga kiunoni. Kevo alikuwa ameshafika mlangoni. "Maze, Mzee Kioko amededi," nilimsikia akiwaambia wa nje. "Kompyuta imeshow kila kitu."

Nilipoinua uso kwa machozi, niliona mstari mdogo chini ya kioo: shada lako litafika makaburini kesho. Shada. Makaburini. Nikaelewa yote kwa mara moja, kwamba lile lilikuwa duka la maua ya mazishi, na yule anayenunuliwa ni marehemu, na picha ni ya marehemu.

"Hajafa," nikasema. "Ni templeti."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mama Zuhura, akininywesha maji ya sukari.

"Mama Zuhura, nisikilize. Ni ukurasa tu, nimesahau kuubadilisha, Mjomba yuko hai."

"Yuko hai mioyoni mwetu. Kunywa."

Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonishika kwa upole zaidi. Mmoja akasema uchungu umenipanda kichwani. Wakanibeba, wanne, mpaka nyumbani, nikiwa napiga kelele kuhusu diski ya gazeti. Tulipofika, habari ilikuwa imetutangulia: viti vimepangwa nje, sufuria ya matanga iko motoni, wamama wa kanisani wamekaa wakiimba, na watu ambao sikujua hata wanamjua Mjomba walikuwa wakija mmoja mmoja, huyu akisema Mjomba alimtengenezea mguu wa kitanda akakataa malipo, yule akisema alimpa pa kulala alipofika mjini. Nilikaa katikati yao. Nilijua nikisema ukweli nitaonekana mwendawazimu, na nisiposema Mjomba atarudi akute tunamzika.

Alasiri nikamwona Mzee Nzioka. Alikuja kwa miguu kutoka Huruma, amebeba ubao mrefu begani na mfuko wa vyombo. Kwetu mchongaji akifa, msalaba wake hauchongwi na mgeni. Hakusalimia mtu. Alikaa chini karibu na mlango, akaulaza ubao mapajani, akaanza kuchonga jina. Nikajisogeza karibu naye.

"Mzee, hajafa," nikamnong'oneza.

"Najua," alisema bila kuinua uso. Moyo wangu ukaruka. Kisha akaongeza, "Aliyeamini hafi. Hata padri atasema hivyo."

"Si hivyo, Mzee."

"Nilikuwa nije Krismasi," akasema. "Nikajiambia nitakuja Krismasi, tutakula, mambo yataisha. Nikajiambia hivyo pia Krismasi ile nyingine." Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye herufi, naye anayafuta kwa kidole gumba na kuendelea. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kujichukia.

Lori lilikuwa limeharibikia njiani, ndiyo sababu ya Mjomba kuchelewa. Mjomba alishuka barabarani, akaona watu wamejaa mlangoni kwake, akasikia nyimbo za maombolezo, na akili yake ikaenda kwa mtu mmoja tu aliyemwacha katika nyumba ile. Alikuja akikimbia, mzee yule, kiatu kimoja kimemtoka, akiita, "Mwende. Mwende wangu." Watu walimpisha kama wanavyompisha mzimu, mama mmoja akaacha kikombe kikaanguka. Aliponiona nimesimama alinikumbatia akanishika kichwa, mabega, mikono, akihakikisha kama niko mzima. Mpaka leo sijapata kukumbatiwa vile, na sijui ningejuaje kiasi gani nilipendwa kama si ujinga wangu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akageuka, akamwona Nzioka chini na ubao wake.

"Nzioka. Unaandika nini?"

"Jina lako," alisema Nzioka.

Mjomba akainama akasoma. Nzioka alikuwa amefika K, I, O. Wakatazamana. Kisha Mjomba akakaa chini kando yake, pale pale vumbini, akasema, "Basi malizia. Tangu lini unaacha kazi nusu?"

Nzioka akaangua kilio, akamshika shingo, wakacheka na kulia pamoja, na sisi wengine tukafuata. Nilipiga magoti nikaeleza yote mbele ya kila mtu, maua, picha, kitufe. Mara hii walinisikia. Kicheko kilichofuata kilinichoma masikio hadi nikatamani ardhi ipasuke. Mjomba akaomba kikombe cha chai ya matanga yake. "Wengi hufa bila kujua nani atawalilia," alisema. "Mimi nimeona, na chai nimekunywa. Mwende, Mungu akubariki, lakini usirudie."

Wanachama walikubali duka lile jioni hiyo hiyo, si kwa sababu ya kompyuta (waliiogopa, wakaomba irudishwe chuoni haraka), ila kwa sababu Nzioka alisema anarudi, na kwamba akirudi hataki kumwona dalali. Aliingia karakanani, akakivuta kigoda chake, akakaa. Ubao hawakuutupa. Alimalizia jina, akaongeza la kwake upande wa pili, wakaupigilia juu ya mlango.

Tangu siku ile sijawahi kumpa mtu ukurasa ambao mimi mwenyewe sijaubonyeza mpaka mwisho. Templeti bado natumia, siwezi kudanganya, zinarahisisha kazi. Lakini ule ukurasa wa mwisho, wa baada ya malipo, niliufuta wote nikauandika upya mwenyewe. Nilimwuliza Mjomba mteja aambiwe nini. Akafikiri, akamtazama Nzioka aliyekuwa akitoboa jicho la ndovu, akasema niandike hivi: Asante. Kioko na Nzioka wanakusalimu, wote wazima.