Kamba za Buti za Renny

Kila siku, ikikaribia saa tisa alasiri, Renny Stoltz aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa juu ya gunia la viazi jikoni kwangu, akafungua kamba zote za buti zake na kuzifunga upya. Buti zilikuwa nyeusi, zilifika nusu ya muundi, na kila moja ilikuwa na matundu ishirini. Yeye alipitisha kamba katika matundu sita tu, kwa mpangilio alioubuni mwenyewe, ncha ikabaki inachungulia upande wa ndani. Akishamaliza alitazama saa ya ukutani, akavuta ncha, na buti likaachia lote kama ganda la njegere. Sekunde kumi na moja. Kisha alifunga tena, akaniambia, "Haya, mdogo wangu, tukafanye kazi," akapita mlango wa kuelekea jukwaani.

Mimi nilikuwa nakaanga viazi Kwa Lorna. Katika jimbo letu huruhusiwi kuuza pombe bila kuuza chakula, kwa hiyo hata klabu ambako wanawake hucheza wakivua nguo lazima iwe na mtu mwenye karai la mafuta ya moto. Kwa miaka miwili mtu huyo nilikuwa mimi, mchana, nikitoka kwenye masomo ya asubuhi. Jikoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia hicho niliona kona ya jukwaa, nguzo ya shaba, mashine ya nyimbo yenye taa ya kijani, na migongo ya watu waliokaa mbele. Nje Portland ilikuwa inanyesha mvua yake ile ya siku zote, isiyo na sauti, ambayo mtu huitambua kwa unyevu wa mabega ya wanaoingia. Ndani taa nyekundu iliwaka mchana kutwa. Mvuke wa viazi ulitoka kidirishani ukaelea hadi jukwaani, na mara nyingi nilimwona Renny kama mtu anayecheza ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kwa Lorna kila mchezaji alichagua nyimbo zake. Zamu moja ilikuwa nyimbo tatu. Wa kwanza unacheza umevaa, wa pili umevaa nusu, wa tatu huna kitu. Wenzake walipenda nyimbo ndefu za taratibu, ambazo mtu anaweza kuzama ndani yake kama beseni la maji ya uvuguvugu. Renny alicheza panki. Gitaa zilikwaruza kama kabati linaloburutwa sakafuni, ngoma zilikimbia, na mwimbaji alipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua na yeye ndiye aliyeichoma. Nyimbo tatu za namna hiyo huisha kabla mteja hajapata kijiti cha kukorogea kinywaji chake. Wenzake walilalamika kwamba zamu zao zinawafikia chakula kikiwa mdomoni. Lorna, mwenye klabu, ambaye naye alicheza miaka ishirini kabla magoti hayajamkatalia, akakata shauri: Renny atacheza tano pale wengine wanapocheza tatu.

Alizichagua nyimbo zake jikoni, kwa redio yangu ndogo, amefumba macho, mkono mmoja umeshika jokofu. Wimbo mmoja angeusikiliza mara nne. Alikuwa anatafuta pengo.

"Wimbo wa panki wa kweli una mahali unapojisahau," aliniambia siku moja. "Mpiga ngoma anakosea, au mwimbaji anaishiwa pumzi. Hapo ndipo buti linatoka. Wanaoigiza hawana pengo. Wamejaza kila mahali."

"Na ukikosa pengo?"

"Basi nacheza na buti mguuni, na Lorna ananinunia."

Jambo jingine lililojulikana juu yake ni kwamba hakutabasamu. Si kwamba alikuwa na hasira. Uso wake ulitulia tu, macho yakitazama juu kidogo ya vichwa vya watu, kama abiria anayetazama nje ya dirisha la treni. Dereva mmoja mstaafu wa malori, ambaye alikuja kila siku kujaza fumbo la maneno gazetini, alimtania: "Renny, nani kakufia?"

"Wewe," alimjibu huku akizunguka nguzo. "Hujapata taarifa tu."

Nilijua kwamba zamani aliimba. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa na bendi, na bendi ilirekodi wimbo mmoja katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yake, kando ya mashine ya kufulia. Uliitwa "Sitabasamu". Siku zile aliuza donati kaunta, na meneja wake alikuwa amebandika karatasi ukutani kuwakumbusha wasichana kuonyesha meno. Walitoa santuri mia tatu, bendi ikavunjika, na Renny hakuimba tena mbele ya watu. Jikoni tu, mara moja moja, akifunga kamba, alivuma kitu puani, na nilijua ni wimbo huo kwa sababu aliukatiza kila alipogundua nasikiliza.

Mwanzoni mwa Machi ilitoka diski ya nyimbo za zamani za panki za mji wetu, na "Sitabasamu" ilikuwemo. Lorna alinunua diski hiyo, akaitia katika mashine bila kusema, akaandika kwa mkono kwenye kadi: namba themanini na nne. Ilikuwa zawadi ya kuzaliwa. Renny alisimama mbele ya ile taa ya kijani muda mrefu, akamkumbatia Lorna, kisha akabonyeza namba nyingine.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila siku alifunga kamba, akaenda, akasimama mbele ya mashine, akabonyeza nyimbo za watu.

"Hujausikiliza hata kidogo?" Lorna alimwuliza kupitia kidirisha, akitafuna karoti.

"Naujua. Dakika mbili na sekunde kumi."

"Sasa unaogopa nini, kipenzi?"

Renny alivuta ncha ya kamba, akaifunga tena. "Nyimbo za watu wengine nikizicheza zikaharibika, nimeharibu za watu. Huu ndio wangu pekee."

Jumanne moja akaingia mwanaume mrefu, nywele zimeanza mvi, koti lake limejaa beji za bendi hadi kwenye kola. Alikuwa Gil Ostrander, mpiga gitaa wa bendi ile, ambaye siku hizi alitengeneza mashine za fotokopi maofisini. Alikaa kiti cha mbele kabisa, akaweka viwiko juu ya ubao uliozunguka jukwaa.

"Kaka," Lorna alimwambia, "ukikaa hapo unaweka dola kila wimbo. Hutaki, meza za nyuma ni bure, na viazi ni vilevile."

"Nimekuja kuzungumza na Ren."

"Basi zungumza nyuma."

Meza ya nyuma ilikuwa chini ya kidirisha changu. Renny akaja amejifunga joho lake la kuogea, akakaa mkabala naye. Sikutaka kusikiliza, lakini sikuwa na mahali pa kwenda, na viazi vilikuwa kwenye mafuta.

"Ni kweli wimbo wetu uko kwenye mashine hii?" Gil aliuliza.

"Uko."

"Umeshaucheza?"

"Bado."

"Usiucheze, Ren. Nakuomba." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonifanya niache mwiko. "Wimbo unasema hutatabasamu kwa ajili ya mtu anayelipa. Wewe ndiye uliyeandika. Sasa uucheze hapa, wanaume wanaweka dola?"

"Umewahi kuniona nikitabasamu hapa?"

"Sijawahi kuja hapa."

"Kumbe. Unajua mengi juu ya mahali usipopajua."

Gil alizungusha glasi yake. "Jumamosi tunapiga. Mara moja tu, ukumbi ule wa zamani, sisi wote wanne. Nimekuja kukuomba uimbe. Lakini watakuja watu wa zamani, na wakisikia kwamba umekuwa wimbo wa kuvulia nguo, watasema tulikuwa waongo tangu mwanzo. Ukiucheza hapa, Jumamosi nitaimba mwenyewe."

"Wewe huimbi, Gil. Wewe unakohoa."

"Nitakohoa, basi. Unakumbuka tulirekodi mara ngapi? Tuliukataa mkanda mzima kwa sababu ulikuwa unaigiza. Tulichagua ule wa mwisho kwa kuwa ulikuwa wa kweli. Watu wananisimamisha dukani wiki hizi mbili, wananiambia ile sauti kwenye diski hakuna ya kweli kuliko hiyo. Nawaambia najua."

"Umeisikiliza hiyo diski?"

"Mimi diski sisikilizi. Nina santuri."

Renny alikaza fundo la joho. Kisha akainuka, akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi. Alifungua kamba, akafunga. Akafungua tena. Nikampa kiazi kimoja chenye chumvi. Alikila polepole akitazama saa. Nilijua anaitaka Jumamosi. Mtu havumi wimbo miaka kumi na mitano puani akawa hautaki.

"Dakika mbili na sekunde kumi," alisema. "Pengo liko baada ya ubeti wa pili, na jingine mwishoni. Buti moja huku, moja kule." Akainuka.

Nyimbo nne za kwanza zilipita kama zinavyopita siku zote. Kisha akashuka kwenye ngazi ya jukwaa, akatembea na buti zake juu ya zulia hadi kwenye mashine, akabonyeza nane, akabonyeza nne.

Sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa ikajaa chumba. Mvuke wangu ulikuwa umetanda hadi kwenye taa, na ndani ya wekundu ule Renny alionekana amekaa kando ya wakati, mwanamke wa miaka thelathini na nne akibebwa na pumzi yake mwenyewe ya zamani. Hakuikimbiza. Mwili wake ulijua sauti ile itapanda wapi kabla haijapanda. Dereva mstaafu aliweka kalamu chini. Baada ya ubeti wa pili pengo likaja, mkono ukashuka, buti la kushoto likaachia, likaanguka jukwaani bila kusikika.

Lakini wimbo ulikwenda kasi kuliko alivyoukumbuka. Ubeti wa mwisho ulifika mapema, gitaa likalia, na kila kitu kikakatika. Renny alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika nguzo, buti la kulia bado limefungwa. Hakuvuta ncha. Mashine haikuendelea na wimbo mwingine. Kulikuwa na mkwaruzo wa chumba kile cha chini, mlio wa maji bombani, kisha sauti ya Gil alipokuwa mvulana, nyembamba na yenye uhakika mno:

"Hapana, hapana. Ren, hii ya uongo. Umeimba kama unawachezea watu."

Na ile sauti ya msichana, karibu na kipaza sauti, imechoka, inacheka: "Si nilikuwa nawachezea? Ninyi watatu hapo si watu?"

Mtu mwingine akacheka, mashine ya kufulia ikaanza kuzunguka, mkanda ukaisha.

Renny, pale juu, mguu mmoja mtupu, alitabasamu. Tabasamu lilianza taratibu upande mmoja wa mdomo, likaenea, likafika machoni, na akaliacha hapo bila kulificha. Halikuelekezwa kwa mtu yeyote. Kisha akakaa pembeni mwa jukwaa, akaanza kulegeza kamba za buti la pili tundu kwa tundu, yote sita, kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari.

Gil alikuwa amesimama. Alitembea hadi kiti cha mbele, akakaa.

"Niliandika mwenyewe juu ya boksi," alisema. "'Ya kweli.' Nikawapa hao watu wa diski. Lazima mikanda ilibadilishana maboksi."

"Miaka kumi na mitano," Renny alisema, bado anashughulika na kamba.

"Na kila mtu dukani…"

"Na wewe ukawaambia unajua."

Dereva mstaafu alicheka hadi akakohoa. Lorna alimgonga Gil begani kwa karoti. "Hapo mbele, kaka. Unakumbuka masharti."

Gil alipapasa mifuko, akatoa dola, akailaza juu ya ubao kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitabu alichokaa nacho mno. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumamosi saa kumi na mbili, Ren. Njoo na buti."

"Nitakuja na moja," alimjibu.

Alipopita jikoni kuelekea nyumbani, alikaa tena juu ya gunia, jambo ambalo hakulifanya kamwe baada ya kazi. Mvua ilikuwa inaingia kidogo kupitia mlango wa nyuma ulioachwa wazi, na hakuna aliyeinuka kuufunga. Katika miaka miwili sikuwa nimemwuliza kitu kinachomhusu yeye mwenyewe. Nilizima moto wa karai kwanza.

"Lile tabasamu," nilimwuliza, "lilikuwa la nani?"

"Langu," Renny alisema. "Hakuna aliyeliomba."