Mikisa Iliyozunguka Umeme Ukiwa Umekatika

Hili lilinipata mimi mwenyewe, si jirani wala binamu wa jirani, na mikisa yenyewe, mashine ya kupigia keki, iko kabatini kwangu hapa Nzuguni. Ukitaka kuja kuishika, karibu. Wapo wanaonisikiliza mpaka mwisho halafu wananiuliza siku ile nilikuwa nimekula nini. Nilikula ugali na mlenda, kama watu wengine.

Mimi napika keki nyumbani. Nilianza na za watoto wa majirani, zikafuata za ubarikio, kisha za harusi. Kazi hii naipenda mno. Naweza kuwa na homa, nikanusa vanila, nikapona. Shida yangu ilikuwa mashine. Mikisa za mkono zilikuwa zinanifia mikononi. Moja gia zake za plastiki zililika zikabaki laini kama ufizi. Nyingine ilitoa moshi mbele ya mteja. Na ile ya mwisho ikazimika Ijumaa mchana, siagi na sukari zikiwa bado hazijashikana, na keki ile haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya harusi ya wifi yangu Joisi, kesho yake!

Hapo lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, Bibi Eda. Ni mama mwema na ananipenda, lakini keki za nyumbani alikuwa hataki hata kuzisikia. "Hudidimia katikati," alisema kwenye kikao cha familia, "na aibu inakuwa ya ukoo mzima." Alitaka ikanunuliwe mjini. Mume wangu, Lazaro, akasimama akasema mbele ya wote, "Mke wangu atapika, na haitadidimia." Unaona alivyoniweka? Mtu anakusifu mpaka unakosa usingizi.

Basi nikafunika bakuli langu, nikadaka bajaji mpaka kwenye maduka ya vyombo karibu na soko la Majengo. Jua lilikuwa kali, vumbi linazunguka barabarani. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikakamata boksi lililokuwa na picha ya keki ya ghorofa na namba kubwa ya nguvu za umeme. Nikasema moyoni, hii ndiyo.

"Unanunua boksi au unanunua mashine?"

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, gauni la maua la mtindo wa zamani, kitambaa kichwani, miguu peku. Na miguu ile ilikuwa imelowa chapachapa. Nikadhani ametoka kudeki mahali. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mbukwa, mwanangu," akanijibu na kunisalimia Kigogo kabisa, kama shangazi. "Hebu itoe humo tuione."

Muuzaji, kijana mpole aliyekuwa akila karanga, akanifungulia boksi. Yule mama akanielekeza niinyooshe mikisa mbele yangu, niishike hivyohivyo kama vile napiga mayai. Muda si mrefu mkono ukaanza kunitetemeka.

"Umeona? Nzito mbele, nyepesi nyuma. Kwenye keki ya harusi itakuvunja kiwiko. Weka."

Tukachukua nyingine. Hii ilikaa vizuri mkononi, lakini alipotaka nitikise michapo yake miwili, vile vyuma vya kupigia, ilicheza kwenye matundu kama jino linalotaka kung'oka. Weka. Nyingine tukaichomeka kwenye umeme. Nikaiwasha kwa mwendo wa kwanza, ikaondoka kama pikipiki.

"Huo ndio mwendo wa polepole?" akauliza. "Unga wote si utakuwa kwenye nyusi zako? Mwendo wa polepole uwe wa polepole kweli. Hiyo miendo mingi ya juu utaitumia lini?"

Niamini, nilianza kufurahi kama mtoto. Nani mwingine aliwahi kukaa na mimi dukani akazungumza habari za mayai kwa moyo namna ile? Aliniambia amepiga mayai kwa uma na mchapo wa miti maisha yake yote, akipikia wageni wa misheni keki kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. "Mkono ukichoka unakwambia," alisema. "Mashine haikwambii, inakufia tu. Kwa hiyo uisikilize kabla hujatoka nayo."

Mwisho tukaipata. Haikuwa na picha ya kuvutia, na boksi lake lilikuwa na vumbi. Tuliiacha izunguke mfululizo mpaka muuzaji akamaliza karanga zake. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nikaweka kiganja kwenye matundu ya pembeni, hewa ikawa inatoka vizuri. Nikanusa: hakuna harufu ya kuungua. Waya mnene, michapo imekaza. Nikamuuliza muuzaji kama kaboni za mota yake zinapatikana zikilika, akasema fundi wa mtaa wa nyuma anazo, na gia zake ni za chuma.

"Hiyo," akasema yule mama, macho yakimng'aa. "Mwanangu, naomba niione ikifanya kazi. Nikusindikize kwako."

Ungemkatalia? Mimi nilishindwa. Kwenye bajaji alikaa akitazama majengo mapya kama mgeni. Tuliposhuka nikaona kiti kimelowa upande wake, na dereva akakitazama, akanitazama mimi, akaondoka akitikisa kichwa.

Jikoni nikafunua bakuli. Tukaanza upya, siagi na sukari mpaka zikawa nyeupe, kisha mayai, moja baada ya jingine. Alikuwa amesimama karibu yangu akihema kwa hamu.

"Niishike kidogo?" akaomba.

"Mama, mikono yako imelowa! Umeme huo!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Umeme utanifanya nini mimi? Tena umeme wenyewe unatoka kwetu."

Na mimi nikacheka, bila kujua nacheka nini, nikampa. Ungemwona! Aliishika mikisa ile kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mayai yakaumuka, yakapanda ukingoni mwa bakuli. "Wala mkono hauumi!" alikuwa akisema. "Eee, wala hauumi!"

Jua lilikuwa linazama. Nikawasha taa ili tuone vizuri, na haikupita muda, umeme ukakatika. Taa ikazimika. Friji ikanyamaza. Mtaa mzima ukasema "aaah!" kwa pamoja, unavyojua sisi tunavyosema.

Mikisa ikaendelea kuzunguka.

Nikaitazama. Nikatazama waya ulivyochomekwa ukutani. Nikatazama taa iliyozimika. Yule mama hakuwa na habari, anageuza bakuli taratibu, anaimba kwa chini. Nikajikaza, nikauliza:

"Mama, hivi... unakaa wapi?"

"Mtera," akajibu, bila kuinua macho. "Zamani tulikuwa ukingoni mwa mto. Sasa niko chini kidogo, tangu walipojaza maji ya bwawa la umeme."

Ndipo nikaelewa maji yale miguuni. Na unajua kilichoniokoa nisizimie? Rojo ya keki. Ilikuwa imefika pale hasa inapotakiwa, na mpishi wa keki hawezi kuzimia rojo ikiwa tayari. Nikasema, "Inatosha, mama, isizidi."

"Kweli," akasema, akaizima mikisa kwa kidole, akaiweka mezani. "Umejaliwa mkono mzuri. Mwambie Eda keki niliyompikia siku ya harusi yake haikudidimia kwa kosa langu. Yeye ndiye aliyefunua sufuria kuchungulia. Nilimwona dirishani, nikanyamaza, maana bibi harusi halizwi. Mwambie kwamba mimi Damari nimecheka sana, sina kinyongo."

Akatoka kupitia mlango wa uani. Nilipopata nguvu ya kumfuata na tochi ya simu, nikakuta nyayo za maji kwenye vumbi, zinakwenda mpaka katikati ya uwanja. Hapo zikakoma. Hazikurudi, hazikupinda. Zilikoma.

Lazaro aliporudi alinikuta naoka kwa oveni ya gesi, gizani, huku nikiimba tenzi zote ninazozijua.

Kesho yake keki ilisimama ukumbini kama mnara. Wageni walishangilia, Joisi alilia kwa furaha, hata Bibi Eda alikuja akaibonyeza katikati kwa kidole kuhakikisha. Nikamvuta pembeni, nikamwambia maneno yale ya sufuria, ila jina sikulitaja.

Akakaa kwenye kiti cha karibu. "Nani amekwambia nilichungulia?"

"Damari."

Damari alikuwa dada yake mkubwa. Alifariki kabla bwawa halijajengwa, akazikwa kijijini kwao, na maji yalipopanda yakafunika kijiji, makaburi na yote. Jina lake halikuwahi kutajwa mbele yangu hata siku moja. Na habari ya kuchungulia haikujulikana na mtu yeyote duniani. Miaka yote watu walimcheka Damari kwa keki ile, na Bibi Eda akaacha wacheke.

Nilidhani ataanguka. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka, machozi yanamtiririka. "Aliniona!" akasema. "Mjinga yule aliniona, akanyamaza!"

Wiki iliyofuata nilirudi dukani kumuuliza yule kijana kama anamfahamu mama tuliyekuwa naye. "Mama gani?" akasema. "Ulikuwa peke yako. Nilijua unaongea na simu ya masikioni. Ila ulinimwagia maji dukani, nikadeki mara mbili."

Siku hizi Bibi Eda anakuja kwangu kupika keki, na anapiga mayai kuliko mimi. Kila mwaka tunapanda basi kwenda Mtera na kipande kikubwa, anakitupia majini huku akimsimulia dada yake habari za ukoo kwa sauti ya juu. Wavuvi wa pale wametuzoea. Wanauliza chao kiko wapi. Mikisa haijawahi kupata moto hata siku moja, na fundi aliyeifungua kuisafisha alikuta gia zake zingali mpya kabisa, zina majimaji kidogo.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua mikisa, itoe kwenye boksi, ishike, isikilize, inuse. Akitokea mtu wa kukusaidia, mtazame kwanza miguu, kisha mshukuru. Na kama kuna ndugu yako anayebeba lawama ambayo ni yako, nenda ukamwambie leo, wakati bado anakaa mahali unapoweza kushuka kwenye basi ukabisha hodi.