Yule Binti wa Kwenye Picha Hakucheka

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, shangazi yangu aliponipeleka sinema. Siikumbuki kwa furaha. Hadi leo umeme ukikatika ghafla jasho linanitoka, na watu wananicheka. Waache wacheke. Mimi shule niliishia darasa la sita, maneno ya vitabuni sina, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na walionitenda nitawataja majina. Wengine wako hai, wanakaa viti vya mbele kanisani. Wakisoma, wasome.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, baba akamfuata. Mimi na mdogo wangu Limi tukachukuliwa na dada yake baba, Shangazi Mhoja, aliyekuwa anakaa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Alitulisha, hilo sitamnyima. Tuliamka kabla yake, tukaanika dagaa wake, tukateka maji yake, tukala kilichobaki. Wazee husema damu ni nzito kuliko maji. Ni nzito kweli. Ndiyo maana ikikumwagikia haifutiki.

Wiki ile Shangazi alibadilika. Alinisuka nywele kwa mkono wake. Mtu aliyezoea kuniita "we mtoto" akaanza kuniita "mama". Nikafurahi, mjinga mimi! Kuku naye hajiulizi kwa nini leo kamwagiwa mtama mwingi.

Jumamosi asubuhi akaniambia, "Kabula, leo tunavuka ziwa kwenda Sengerema kusalimia ndugu wa baba yako. Kivuko tutapanda cha jioni, keshokutwa tunarudi. Ila kwanza Mzee Malugu anatupeleka sinema mjini. Uchangamke, usije ukaninunia mbele za watu."

Mzee Malugu alikuwa mfugaji wa huko ng'ambo, mtu mzima kuliko marehemu baba. Aliyemleta nyumbani kwetu mara ya kwanza ni baba yangu mdogo, Masalu. Siku hiyo nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, mke wangu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Si unajua kwetu babu humwita mjukuu mke wake kwa utani? Nikadhani ni utani huohuo. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na mara nyingine huja kikicheka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa zamani, viti vya mbao vya kukunja, vingine havina mgongo. Watu wengi walikuwa wameshahamia kwenye vibanda vya video, na mwenye ukumbi, kwa kukosa picha mpya, alionyesha chochote alichokikuta stoo. Shangazi alinikalisha katikati, yeye kushoto, Mzee Malugu kulia. Begi la nailoni alilolifungasha mwenyewe asubuhi akalisukuma chini ya kiti. Mzee akaninunulia soda. Taa zikazimwa.

Nyie mnaangalia picha kwenye simu, mtu ana urefu wa kidole. Hujui ilivyo uso wa binadamu kuwa mkubwa kama ukuta wa nyumba, unakutazama, na wewe huna pa kujificha. Ilikuwa picha ya zamani mno, mambo ya Ulaya ya wafalme, haina rangi hata chembe. Ukumbi ukalipuka.

"Oya fundi, washa rangi!"

"Hii wameifua, imechuja!"

"Weka ya Kihindi bwana, tumekuja kuona watu sio mizimu!"

Mimi nilikuwa nimekodoa macho. Magauni yalikuwa mapana kama vihenge vya mtama, mwanamke anapita mlangoni kwa ubavu. Wanaume wamevaa nywele za bandia, nyeupe kama manyoya ya kondoo. Mishumaa imejaa dari nzima. Na kwa kuwa rangi haikuwepo, macho hayakuwa na pa kukimbilia ila kwenye nyuso. Nyeupe ilikuwa nyeupe ya maziwa, na giza lilikuwa giza la kisimani. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na tangu siku ile sijakiona tena.

Picha ilikuwa inasema kizungu. Kwa hiyo pale mbele, pembeni ya pazia, alikaa kijana mwenye kipaza sauti, kazi yake kututafsiria. Jina lake la kweli sikulijua, wote walimwita Kipaza. Kizungu alikijua kidogo. Kilichobaki alijaza mwenyewe, na watu walimpenda zaidi kwa hicho alichojaza.

Kulikuwa na binti kwenye ile picha, mdogo, analelewa kwenye jumba la ndugu zake. Siku moja wakaja watumishi kumvisha. Wakamfunga gauni kwa kamba za mgongoni, wakavuta, wakavuta tena, mpaka akashika nguzo ya kitanda asianguke. Chini sebuleni kuna mzee na fimbo yake, anangoja.

"Binti huyo, jamani!" Kipaza akapaza. "Anapendezeshwa! Anakwenda kwa shangazi yake kula keki. Furaha mpaka basi, meno yote nje!"

Ukumbi hoi kwa kicheko.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nikatazama. Meno hayakuwa nje. Midomo ilikuwa inacheka kama ilivyoamriwa, lakini macho yalikwenda mlangoni, yakaenda dirishani, yakarudi mlangoni. Macho hayo nilikuwa nayajua. Nimeyaona kwa mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli, anapelekwa mnadani.

Watumishi wakaanza kufungasha sanduku. Magauni yote. Viatu vyote. Kisha mmoja akainua mkono ukutani, akatungua picha ndogo ya mama mmoja, picha ambayo yule binti alikuwa akiibusu kila akienda kulala, akaitia juu ya nguo.

"Anakwenda kutembea siku mbili tu!" Kipaza akasema.

Nani anakwenda kutembea siku mbili amebeba picha ya marehemu mama yake? Nikainama kana kwamba najikuna mguu, nikapeleka mkono chini ya kiti, nikafungua zipu taratibu. Gizani vidole ndiyo macho. Nikagusa kanga. Nikaifuata pindo mpaka nikafika kwenye tundu lililounguzwa na kaa la moto. Ilikuwa kanga ya mama. Ilikuwa haitoki kamwe ndani ya ndoo nilikoifungia. Chini yake kikombe changu cha bati, sketi zangu, kila nilichokuwa nacho duniani. Sare ya shule tu ndiyo haikuwemo. Anayekwenda kusalimia habebi urithi wake.

Wakati huohuo Mzee Malugu akaniinamia sikioni. "Umeona, mama, wenzako wanavyoolewa kwa heshima?"

"Shii, Mzee!" Shangazi akamkata haraka.

Kumbe Mzee naye alikuwa hamsikilizi Kipaza. Alikuwa anaona kama nilivyoona mimi, na kilichonigandisha damu ndicho kilichokuwa kinamfurahisha.

"Shangazi, nataka kwenda haja," nikasema.

"Subiri picha iishe." Akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

Kwenye picha, binti akaingizwa kwenye gari la farasi. Mlango ukafungwa. Uso wake ukabaki kwenye kioo, mkubwa, unajaza ukuta mzima, na chozi moja likashuka polepole.

"Huyooo! Keki hiyo inakuja!" Kipaza akapiga kelele.

Nikapiga yowe. Sikulipanga, lilitoka lenyewe. Unajua kilichotokea? Watu walicheka. Kipaza akadaka palepale, "Kuna dada huko nyuma naye anataka keki! Mpeni leso jamani!" Ukumbi mzima ukanigeukia gizani ukicheka. Mwanangu, nimeshaona mengi, nimeshazika wengi, lakini sijakutana na woga kama ule wa kupiga yowe katikati ya umati, wakadhani ni burudani.

Nikamng'ata Shangazi mkono. Nikaruka magoti ya watu, nikakimbilia mbele, kwa sababu mbele ndiko kulikokuwa na mwanga. Nikasimama kwenye pazia. Kivuli changu kikaangukia ile picha, kikafunika farasi na gari lote.

"Kaa chini wewe!"

"Toa hicho kichwa!"

Wakanirushia maganda ya machungwa. Sikukaa. Nilibaki nimesimama mpaka mwenye ukumbi akachoka na kelele, akawasha taa.

Shangazi alikuwa ameshafika, uso umejaa tabasamu. "Samahanini sana jamani. Mtoto wangu huyu ana mashetani tangu mama yake afariki. Tunampeleka Sengerema kwa mganga." Ona alivyokuwa mwepesi! Na watu wakaanza kutikisa vichwa, masikini, masikini. Mzee Malugu alikuwa ameshasimama njiani na lile begi mkononi.

Aliyekuwa akiwakatia watu tiketi pale mlangoni alikuwa Mama Koku, mama wa Kihaya, mkali, mtu wa kusali. Akaja na kishindo chake mpaka mbele.

"Mwenye mashetani naye ana mdomo," akasema. "Binti, wanakupeleka wapi?"

"Nimeshakwambia, dada, tunampeleka..."

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza yeye."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka yote ile wengine ndio walionisemea. Kabula ameshiba. Kabula hapendi shule. Kabula ana mashetani. Nilipoulizwa mwenyewe, sauti haikujua njia ya kutokea. Shangazi akanishika bega tayari kuondoka nami, na nikajua nisiposema sasa, kivuko cha jioni kinanimeza.

Basi Kipaza akasema kwenye kipaza sauti, "Hajui kuongea huyo, nimtafsirie?"

Watu wakacheka tena. Kicheko kile kilinitia hasira, na hasira ikanifungua koo.

"Sitaki kuolewa na Mzee Malugu! Shangazi Mhoja na Baba mdogo Masalu wananivusha leo. Kanga ya mama yangu imo kwenye lile begi!"

Hakuna aliyecheka. Mama Koku alimwendea Mzee Malugu, akafungua zipu mbele ya watu, akaitoa kanga, akaiangalia, akanitupia begani. Mzee akaliweka begi chini, akatoka bila kuaga. Shangazi akabaki ananitazama. "Umenivua nguo, Kabula," akasema.

Nililala kwa Mama Koku, kesho yake akanipeleka Nyegezi kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Shule ndiyo ikaishia hapo. Nikaanza kuuza maandazi stendi, na nimeishi.

Mkasa ungeishia hapo ningekuwa nakuandikia kwa raha. Lakini pale mbele ya watu, taa zikiwaka, masikio yote yakiwa yangu, nilijitaja mimi tu. Limi sikumtaja. Alikuwa amebaki nyumbani anaanika dagaa. Jumatatu mjomba alipokwenda Kirumba kumchukua, alikuta mlango umefungwa na jirani akamwambia mtoto kaenda kutembea. Masalu alikuwa ameahidi msichana, na Limi naye alikuwa msichana. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walimvusha na gauni lililoshonwa kwa kipimo changu.

Mjomba alivuka kumfuata mara mbili, akarudishwa na maneno na mapanga. Limi alirudi baada ya mavuno mawili, mtoto mgongoni. Hakunilaumu. Hajawahi kunilaumu. Anapika, anasali, anaitikia salamu, na ukimuuliza chochote cha kule anainuka kwenda kuangalia sufuria. Mhoja alimfanyia hivyo, na Masalu, na Malugu. Nimewataja, na nitawataja tena kesho.

Sasa sikia, mwanangu. Watakwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikia la mkuu, ndiyo, lakini kwanza angalia mkuu huyo anashika nini mkononi. Wapo wakuu ambao ndio wanaovunja miguu. Mtu akimsemea fulani kwamba ana furaha, usimsikilize, kamtazame fulani usoni. Na wewe wakikusemea, kataa mapema, siku ya kwanza, kwenye jambo dogo, ili sauti yako izoee njia. Usisubiri siku ya kivuko. Siku ukipata watu wa kukusikiliza, usijitaje peke yako. Taja na aliyebaki nyumbani, mtaje kwa jina, sema anakaa wapi, na uwaambie waende leo, maana wabaya hawangoji Jumatatu. Na ukisikia yowe popote, hata kwenye harusi, hata kwenye ngoma, usingoje mtu akutafsirie. Inuka ukaulize.

Mungu akupe koo lisilojifunga siku ya kuulizwa. Akuepushe na ndugu mwenye tabasamu la haraka. Na siku ukipelekwa usikotaka, akuwekee mtu mmoja njiani, mkali kama Mama Koku, atakayemwambia aliyekushika mkono: sijakuuliza wewe. Na kama Mungu atakuwa na kazi nyingi siku hiyo, mwanangu, basi mtu huyo uwe wewe kwa mwenzako.