Magogo ya Daraja

Leo nimepita penye mashine ya kumenyea kahawa, na ile harufu ya maganda yanayooza ikanirudisha jikoni kwetu Iyula, baba akiwa na redio mapajani. Mbunge wetu alikuwa ameuliza lini tutajengewa daraja la mtoni. Waziri akajibu kwamba litajengwa. Wabunge wakagonga meza kana kwamba limeshavukwa.

"Umesikia?" baba alimwambia mama, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa. "Pale ndipo sheria zinapotungwa. Hata waziri akiulizwa, lazima asimame ajibu. Bunge likisema, limesema."

"Kwani kusema ndiyo kujenga, baba watoto?"

Baba alicheka.

Kesho yake wanaume waling'oa daraja letu la magogo ili kuwapisha mafundi, wakagawana magogo yawe kuni.

Mafundi hawakuja. Zilikuja mvua. Mama aliposhikwa na uchungu walimbeba kwenye machela hadi mtoni. Bati la zahanati lilimeta ng'ambo. Tulisimama tukiyatazama maji, mpaka mama akanyamaza kabisa.

Tulipomrudisha nyumbani, gogo la mwisho lilikuwa bado linaivisha maharage.